Kwa Nini Kinu Kitupu Hulia Adhuhuri

Mwenye maji na anywe kwanza, na asiye nayo aombe kwa aliye karibu naye, maana hadithi hii haisikilizwi na koo kavu. Ni habari ya watu wa Isangala, nchi ya udongo mwekundu na miiba, na ni ya tangu enzi ambazo adhuhuri ya huko ilikuwa haina sauti.

Nyumba za Isangala wakati huo zilikuwa kama zilivyo sasa: tembe ndefu za udongo, paa bapa, ua katikati, mlango mmoja. Zilijengwa mbalimbali ili kila kaya iwe na pa kulishia mbuzi. Lakini desturi zilikuwa nyingine. Jua likifika utosini kila mlango ulifungwa, wala hakuna aliyethubutu kupiga hodi kwa mwenzake mpaka vivuli virefuke. Mambo hayo yalianzia kwenye njaa moja ya zamani. Wakati wa njaa ile, aliyeona moshi kwa jirani alikwenda kumjulia hali, akakaa, akakaa, mpaka chungu kikaepuliwa, na mwenye nyumba akagawana na mgeni kile alichowapikia watoto wake. Watu wakachokana. Wazee wakakata shauri: mchana ni wa mwenye nyumba, na anayepiga hodi adhuhuri ni mdoezi, na mdoezi hana heshima. Njaa ikaisha, shauri likabaki. Watoto walizaliwa na kukua wakijua kwamba mchana jirani hayupo, hata kama yupo.

Katika nchi hiyo alikuwako mwanamke jina lake Nyangalo. Mumewe, Lubeleje, alipomwoa alimjengea tembe kubwa kuliko zote upande ule wa korongo, akasema wataijaza watoto. Walijaaliwa mabinti wawili tu. Wote wakaolewa ng'ambo ya milima, kwenye mashamba yenye maji, na huko watu wanakwenda lakini kurudi ni taabu. Kisha Lubeleje akaugua kifua msimu wa baridi, akafa, na Nyangalo akabaki na vyumba.

Hakuwa mzee wa kuonewa huruma wala kijana wa kuposwa tena. Alilima, alichunga mbuzi wake wachache, alichota maji. Zilipita siku nzima asiseme neno na mtu, na alipokutana na watu njiani akataka kusalimu, sauti ilimtoka imekwaruza kama mlango uliokaa bila kufunguliwa, akaona aibu. Upepo ukisukuma mlango alisema, "Karibu." Halafu akajisikia mjinga.

Jirani yake wa karibu alikuwa ng'ambo ya korongo, kwa umbali ambao sauti ya mtu haifiki lakini ya kinu inafika. Huko aliishi kikongwe aitwaye Sechelela, naye pia peke yake. Alikuwa amezika mume na watoto wote aliowazaa, na ulimi wake ulikuwa mkali kama mwiba wa mgunga. Watu walimkwepa. Yeye alionekana kufurahia kukwepwa, au pengine hakutaka waone vingine.

Nyangalo hakuwa na urafiki naye. Lakini kila alfajiri alikisikia kinu chake. Bega moja la Sechelela lilikuwa bovu, hivyo mchi wake ulianguka kwa uzito, kisha kwa wepesi, kwa uzito, kisha kwa wepesi, na hapakuwa na kinu kingine Isangala kilichochechemea namna ile. Nyangalo akikisikia alijisemea, "Bibi ameamka," akajifunga nguo, akaanza siku yake. Hiyo ndiyo salamu aliyokuwa nayo.

Basi ukaja mwaka ambao jua lilishuka.

Wenyewe walisema hivyo: jua limeshuka, limekaa juu ya paa. Mvua za vuli hazikunyesha. Upepo uliokuwa ukivuma jioni ukakoma, na uliokuja badala yake ulikuwa kama pumzi ya mtu mwenye homa. Ndege walishuka kutoka mitini wakakaa chini ya maghala, midomo wazi, wala hawakuruka ukiwakaribia. Samli iliyeyuka kibuyuni. Nguzo za paa zilikauka mpaka zikapasuka kwa kishindo, na watu waliokuwa ndani waliruka wakidhani nyumba inaanguka.

Kila mtu alipambana na joto kwake, kivyake. Nyangalo alinyoa nywele zote. Alipika uji kabla jua halijachomoza, akala ukiwa umepoa, na mchana hakuwasha moto kabisa. Mtungi wa maji aliuhamishia chumba cha ndani, akaufukia mchangani mpaka shingoni, na mchanga ule akaulowesha kila siku kwa maji machache aliyoogea. Alilowanisha kaniki yake kuukuu akaitundika mlangoni. Kwa muda mfupi hewa ilipita pale ikiwa na ubaridi kidogo, kisha kaniki ikakauka, ikawa ngumu kama ngozi. Jua lilipokuwa mashariki alilala chumba cha magharibi, lilipogeuka akahama, akikokota mkeka wake chumba hadi chumba. Mwishowe aliacha mkeka, akalala kwenye udongo mtupu, kifua chini. Kuku wake walimfuata ndani na yeye hakuwafukuza. Walilala pamoja pale sakafuni, wote wakihema.

Ndipo alipoona jinsi Lubeleje alivyojenga nyumba kubwa. Mtu anaweza kuhama mchana kutwa ndani ya nyumba ya namna ile na asikutane na yeyote.

Nafaka ilipungua. Watu walianza kula mlenda na uji mwepesi, na asubuhi nyingi hapakuwa na cha kutwanga. Kinu cha Sechelela kikanyamaza. Nyangalo aliamka alfajiri, akasikiliza, akasikia kimya tu upande ule. Siku ya kwanza alisema, "Hana nafaka, kama mimi." Siku zilizofuata alisema hivyo hivyo, lakini alikuwa akisikiliza kwa muda mrefu zaidi.

Mchana mmoja joto lilimzidi. Alikuwa amelala kama kawaida, akaona jasho limekoma kumtoka. Ngozi yake ilikuwa kavu na moto kama kigae. Kichwa kikamzunguka. Akamwona Lubeleje amekaa kizingitini akichonga mpini wa jembe, akamwambia, "Nipe maji." Lubeleje hakugeuka. Akamwambia tena, kwa ukali, kama alivyokuwa akimkaripia zamani, kisha akakumbuka kwamba amekufa, na kukumbuka huko kukamwogopesha kuliko joto lenyewe.

Alitaka kupiga kelele. Koo halikutoa kitu. Na hata kama lingetoa, nani angekuja adhuhuri? Akatambaa hadi uani, mahali kinu kiliposimama chini ya ukingo wa paa, akaushika mchi ili ajiinue. Mikono haikuwa na nguvu. Mchi ulimponyoka, ukaanguka ndani ya kinu kitupu, nacho kikalia.

Kinu chenye nafaka hunguruma. Kinu kitupu kina mlio mwingine, mkavu, unaokwenda mbali. Katika kimya kile ulikwenda mbali kweli. Nyangalo aliusikia ukivuka korongo. Akauinua mchi tena, akauangusha, akauinua, akauangusha, asijue kwa nini, ila kwamba kilikuwa kitu pekee alichobaki nacho chenye sauti.

Halafu akasikia. Ng'ambo ya pili. Kwa uzito, kisha kwa wepesi. Kwa uzito, kisha kwa wepesi.

Alikaa chini ukutani akalia bila machozi. Baada ya muda alitambaa hadi kwenye mtungi, akanywa kidogo kidogo, akajimwagia kichwani yale yaliyobaki kwenye kata, akalala pale juu ya mchanga uliolowa mpaka jioni. Akapona.

Kesho yake jua lilipofika utosini alikwenda kinuni, akapiga. Akajibiwa. Keshokutwa yake Sechelela ndiye aliyeanza, na Nyangalo akajibu. Ikawa hivyo kila siku. Haikuwa ngoma wala wimbo. Mmoja alipiga kidogo, akanyamaza, mwingine akapiga kidogo, akanyamaza, basi. Lakini Nyangalo sasa aliamka na kitu cha kungojea. Joto lilikuwa lile lile, kaniki ilikauka vile vile, na ile saa mbaya kuliko zote, ambayo zamani aliilalia kifudifudi akiomba ipite, akaanza kuitazamia.

Walikutana mara moja tu katika siku zile, asubuhi na mapema, kwenye visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa korongo. Nyangalo alifika akamkuta kikongwe amepiga magoti, mkono mmoja ndani ya shimo, akichota kwa kata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Sechelela hakuinua kichwa. Alijaza kibuyu chake, akakiziba kwa gunzi, ndipo akasema, "Juzi ulichelewa kunijibu."

"Usingizi ulinichukua, bibi."

"Usingizi wa mchana mwaka huu si usingizi. Usinifanyie hivyo tena. Nilikuwa nimeshajifunga nguo."

"Ulitaka kwenda wapi?"

Kikongwe alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi. "Kwako. Nilidhani umekufa."

"Mchana, bibi? Watu wangesemaje?"

"Watu!" Sechelela akatema mate pembeni. "Watu wananisema tangu mama yako hajaota meno. Nisaidie kunyanyuka."

Nyangalo akamshika mkono, akamwinua. Ulikuwa mkono mwepesi, kama ukuni uliolikwa na mchwa. Sechelela akajitwisha kibuyu, akapanda ukingo wa korongo polepole, asigeuke nyuma. Huko nyumbani Nyangalo alijikuta anatabasamu peke yake, akiwa ameshika kata, na maji yakimwagika.

Lakini Isangala nzima ilikuwa ikisikia. Mchana ule usio na sauti, vinu viwili vya wajane vililia kila siku, na njaa ikiwepo, mlio wa kinu haubaki kuwa mlio tu. Watu wakaanza kuulizana wanatwanga nini wale. Wengine wakasema wameficha mtama. Wengine wakasema afadhali mtama, kuna wanawake hutwanga vitu visivyotajwa.

Asubuhi moja akaja Chidawali, kaka wa marehemu Lubeleje, aliyekuwa mkubwa wa wazee wa upande ule. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekonda kama wote, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi. Alikaa kwenye kigoda, akanywa maji aliyopewa, akaulizia mabinti. Kisha akasema, "Shemeji, kinu."

"Ni kitupu, shemeji. Tazama mwenyewe."

"Nimekiona nilipoingia. Mimi naamini. Lakini nitamwonyesha nani mwingine? Nije na watu wote hapa uani?"

"Waje."

"Sikiliza." Akainamisha kichwa. "Jana tumepeleka mbuzi mweusi kwenye kaburi la mababu kuomba mvua. Tumesema nchi inyamaze mpaka mawingu yaonekane, hasa mchana. Watoto wasipige kelele, ngoma zisipigwe. Sasa kinu kikilia, na mvua isije, wataulizana ni nani aliyeizuia. Nawe ni mjane, unaishi peke yako, na yule wa ng'ambo ni kizee ambaye watoto wake wote wamekufa. Unajua watakalosema. Mimi sitaweza kulizuia likishasemwa."

Nyangalo alijua. Alikuwa amewaona wanawake waliosemwa. "Na bibi Sechelela?" akauliza.

"Ninamtuma Masinjila kwake asubuhi hii hii."

"Shemeji, kile kinu ndicho..." Akatafuta neno, akalikosa. Angesemaje? Kwamba ndicho kinachonisalimu? Mtu mzima na akili zake? Chidawali akangoja kidogo, kwa adabu, kisha akaaga.

Masinjila alikuwa kijana wa miraba minne, mtoto wa dada yake Chidawali, na alikubali kutumwa. Lakini alianza na shughuli za mbuzi, na alipomaliza jua lilikuwa limepanda na mchanga wa korongo unachoma nyayo. Adhuhuri ilikuwa inakaribia, na nani huenda kwa watu adhuhuri? Tena kwa Sechelela, na ulimi ule? Akasema, "Nitakwenda jioni jua likipoa." Angekuwa yeyote mwingine angesema vivyo hivyo.

Jua likafika utosini. Nyangalo alikuwa amekaa mbali na kinu makusudi, chumba cha mwisho kabisa, mgongo ukutani. Akasikia kinu cha ng'ambo kikianza.

Akasema moyoni, "Ameambiwa, naye amekataa. Ndivyo alivyo." Akaogopa kwa ajili yake. Kinu kikanyamaza, kikingoja jibu. Nyangalo hakusogea.

Kikaanza tena, mara hii kwa muda mrefu zaidi. Akainuka, akaenda hadi mlangoni pa ua. Akauona mchi umesimama ndani ya kinu. Akausogelea, akaweka kiganja juu yake, ulikuwa moto. Aliwaza jina lake midomoni mwa watu. Aliwaza mabinti zake wakiletewa habari huko milimani kwamba mama yao ameifunga mvua. "Nyamaza, bibi," akanong'ona. "Nakuomba, nyamaza. Watakusema."

Mara ya tatu kinu kililia haraka haraka, bila mpango, mchi ukigonga kingo. Kisha kikanyamaza kabisa.

Nyangalo akashusha pumzi. Alifikiri kikongwe amechoka, au amekasirika, na kwamba kesho asubuhi atakwenda visimani mapema amngoje, amweleze, apokee matusi yake yote. Akarudi ndani akalala chini. Alikuwa mpweke siku ile kuliko siku aliyomzika Lubeleje, kwa sababu siku ya mazishi alikuwa amenyang'anywa, na leo alikuwa amenyima.

Vivuli viliporefuka alichukua kibuyu akateremka korongoni kuchota maji. Akamwona kabla hajafika visimani.

Sechelela alikuwa amelala kifudifudi kwenye mchanga, katikati ya korongo, karibu zaidi na upande wa Nyangalo kuliko upande wake. Alikuwa amejifunga nguo yake nzuri. Kichwani alikuwa amejitanda kitambaa kilichokuwa kimeloweshwa, sasa kimekauka na kukakamaa. Alama za nyayo zake zilionekana zikitoka kwake: mwanzo zilikuja moja kwa moja, kisha zikaanza kuyumba kulia na kushoto, lakini hapakuwa na mahali zilipogeuka kurudi. Kando yake kulikuwa na kibuyu. Kabla hajaanguka, au alipokuwa akianguka, alikuwa amekikandamiza mchangani kikasimama wima, kisimwagike. Nyangalo akaling'oa gunzi. Kilikuwa kimejaa hadi shingoni. Alikuwa amepita katika jua lile lote na maji mkononi asinywe hata funda moja, kwa sababu alikuwa akimpelekea mtu.

Nyangalo alikaa chini akakiweka kile kichwa kidogo mapajani mwake. Hakupiga ukunga. Waliokuja visimani jioni ile walimkuta hivyo, akimtilia kivuli kwa upande wa nguo yake, ingawa jua lilikuwa limekwisha kuzama.

Walimzika Sechelela kesho yake asubuhi, karibu na watoto wake. Watu wengi walikuja, kuliko waliowahi kumtembelea akiwa hai. Baada ya mazishi walikaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Masinjila alisimama, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilitumwa. Nilisema nitakwenda jioni. Jua lilikuwa kali." Akakaa. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza.

Mzee mmoja akasema marehemu alikosea kutoka nje adhuhuri, kikongwe kama yule.

Hapo Nyangalo akainuka. Kwa kawaida wanawake hawakusema palipokaa wazee, na sauti yake ilikuwa ile ile iliyokwaruza, lakini safari hii hakuionea aibu.

"Alitoka adhuhuri," alisema. "Alikuwa anakuja kwangu bila kuitwa. Kwa sheria yetu huyo ni mdoezi. Basi semeni. Semeni tumezika mdoezi."

Akawatazama wazee mmoja mmoja.

"Alisikia kinu changu kimenyamaza. Kilikuwa kimenyamaza kwa sababu niliwaogopa ninyi. Yeye hakujua, alidhani nimekufa, akajifunga nguo, akachukua maji." Akakinyanyua kile kibuyu juu, wote wakione. "Hiki hapa. Kijaribuni uzito wake. Kama yuko kati yetu mtu ambaye angevuka lile korongo na kiu ile asikifungue, na asimame."

Akakiweka chini mbele ya wazee, akaondoka. Walimsikia akitembea mpaka hatua zake zikapotea. Chidawali alikiangalia kibuyu kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono, akakiinua kidogo, akakirudisha.

Siku ile ile, jua lilipofika utosini, Nyangalo alisimama kinuni kwake. Hakuwa na mtu wa kumjibu ng'ambo, na alilijua hilo. Hakuwa tena anamwogopa yeyote. Akauinua mchi, akaupiga, akaupiga, mlio mkavu ukaenda. Akanyamaza. Kimya kikaja, kile kile cha zamani, kikakaa juu ya ua kama kifuniko.

Halafu kutoka mbali, upande wa nyumbani kwa Chidawali, akasikia kinu. Kilipigwa vibaya. Mchi ulikuwa ukigonga ukingo, ukikosa katikati, ukichelewa, na mwanamke yeyote Isangala angejua kwamba aliyeushika hajawahi kutwanga maishani. Alikuwa Chidawali mwenyewe. Mkewe alisimama kando, mikono kiunoni, asimsaidie. Kabla hajamaliza kikajibu kinu cha nyumba nyingine, na nyingine ng'ambo ya mashamba, na nyingine ambayo Nyangalo hakujua hata kwamba sauti yake hufika kwake. Nyumba zote zile zilikuwa zikilala mchana, kila moja peke yake. Katika mojawapo mama mwenye mtoto mchanga hakujibu, na majirani zake wawili wakatoka na maji juani bila kuulizana, wakamkuta amezimia, wakamwamsha.

Mvua ilikuja mwezi uliofuata. Ilikuja kama inavyokuja siku zote, bila kuuliza nani alinyamaza na nani alipiga kinu.

Na tangu siku hiyo, watu wa Isangala hawafungi milango adhuhuri. Kiangazi kikishika na jua likishuka, kila nyumba huenda kinuni jua likiwa utosini, ikapiga kinu kitupu, nyumba ya jirani ikajibu, na ya pili yake ikajibu, mpaka nchi nzima imejulikana kwamba ipo. Nyumba isiyojibu huendewa hapo hapo, kwa maji, na anayekwenda hapigi hodi wala haulizwi amefuata nini. Neno mdoezi halitajwi adhuhuri.

Tena mtazameni vizuri yule anayetwanga. Akishajibiwa na majirani zake wote, hauweki mchi chini mara moja. Husimama kidogo, ameushikilia, uso ameuelekeza upande wa korongo, mahali pasipo na nyumba siku hizi ila vifusi na miiba. Ukimuuliza anangoja nini, atakwambia hajui. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Mama yake naye hakujua. Ninyi sasa mnajua.